Uzi: Kurudisha mchoro uliolika kwenye ubao wa pinboli ya marehemu mzee wangu (Dodoma)

#1 gololi_dom

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Chang'ombe hapa Dodoma mjini, na kwenye meza ya chakula mbele yangu kuna ubao wa pinboli nilioufungua leo asubuhi. Kwa ambaye hajawahi kuiona: pinboli ni mashine ya mchezo, sanduku refu lenye miguu minne, limeinuliwa kidogo upande wa nyuma na kufunikwa kioo. Unafyatua gololi ya chuma kwa springi, inapanda hadi juu, inashuka ikigonga bampa (vigongeo vinavyoirusha) na vibao vya pointi, na kazi yako ni kuizuia isitumbukie chini. Unaizuia kwa flipa mbili, vile vipande vinavyopiga kama teke ukibonyeza vitufe vya pembeni.

Hii ya kwangu ni Gottlieb, imetengenezwa Chicago, Marekani, miaka ya 70. Haina kompyuta. Ndani ni waya, koili, rilei na kengele za kweli zinazogongwa. Mchoro wake ni wa karata. Marehemu mzee wangu alikuwa kaunta kwenye klabu moja hapa mjini, na klabu ilipofungwa alikuwa anadai mishahara ya miezi kadhaa. Akaambiwa achukue mashine. Tangu nipate akili ilikuwa sebuleni kwetu, na mimi nimejifunza kuhesabu maelfu kwa kusoma namba zake zikigeuka.

Mzee amefariki mwaka juzi. Umeme wa mashine uko vizuri, naiwasha kwa transfoma ya kushusha kutoka volti 230 hadi 120. Shida ni rangi. Mbele ya flipa zote mbili mchoro umekwisha, mti unaonekana, na mti wenyewe umeshakuwa mweusi. Katikati kuna kopa kubwa ambayo imebaki nusu. Malkia wa kopa aliye upande wa kushoto amebaki na jicho moja na taji, kidevu hakipo. Vile vidirisha vya plastiki ambavyo taa huwaka chini yake, mstari mweusi unaovizunguka umekatikakatika kila mahali. Halafu kuna mtu zamani alijaribu kusaidia: karibu na bampa moja kuna rangi ya mafuta, nyekundu ya baiskeli, nene kama ulimi.

Naomba mnisaidie. Nisafishe kwa nini bila kung'oa kilichobaki? Nipake rangi gani? Na juu yake niweke nini ili gololi isirudi kula tena?

#2 printa_majengo

Pole sana kwa kumpoteza mzee, mkuu.

Mimi nachapa mabango na stika hapa Majengo. Ushauri wangu usihangaike na brashi. Piga picha ubao mzima, mimi naunyoosha kwenye kompyuta na kujaza palipolika, tunachapa stika moja ya vinaili yenye laminesheni. Wewe unapiga msasa ubao wote uwe mweupe, unabandika. Matundu na vidirisha vinakatwa na mashine. Siku mbili kazi imekwisha na inang'aa kama mpya.

#3 fundi_klia

Printa, kazi yako naijua na stika zako nimeshabandika kwenye magari ya wateja wangu. Lakini hapa hapana.

Gololi ya pinboli ina gramu 80 hivi. Inaanguka kutoka juu, inapigwa na flipa, inarudi, mchana kutwa. Vinaili ni laini. Baada ya muda gololi inachora njia zake juu ya stika, na pale kwenye ukingo wa kila tundu na kila kidirisha stika inaanza kuinuka. Ukikosea kukata milimita moja tu, gololi inajikwaa hapo milele. Na kubwa zaidi: ukishapiga msasa ubao wote, umefuta kazi ya asili. Ukigundua mwakani kwamba stika haikufaa, huna pa kurudi.

Mimi ni fundi rangi wa magari, niko Kizota. Kuhusu swali lako la tatu nitakuja, lina hatari zake. Kwa sasa nakuonya jambo moja: ile rangi ya mafuta usiiache. Ukipiga klia ya hadina juu yake (vanishi angavu ya magari inayochanganywa na dawa ya kuikaza), ile tina, yaani kizimulio, ya kwenye klia itaiamsha, na rangi itakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Nimeyaona hayo kwenye mlango wa gari la mteja na nililala gereji usiku kuirudia kazi yote.

#4 kolo_irangi

Naomba niseme tofauti na wote wawili.

Mimi ni wa Kondoa. Kwetu, pale Kolo na vijiji vya jirani, kuna michoro ya mapangoni ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Watu warefu wenye vichwa vya ajabu, pundamilia, twiga, nyingi kwa rangi nyekundu ya udongo. Imefifia. Mahali pengine unabaki kukodoa macho hadi mguu wa mnyama ujitokeze kwenye jiwe. Hakuna mtu mwenye akili atakayechukua brashi na kuujazia mguu huo. Ukijazia, kinachoonekana tena ni mkono wako.

Ubao wako umelika kwa sababu mzee wako na watu wa klabu ile waliucheza. Ule weusi mbele ya flipa ndiyo historia yenyewe. Safisha, paka nta, acha.

#5 gololi_dom

Ndugu yangu kolo_irangi, ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na ninaendelea kuufikiria.

Ila kuna kitu. Mchoro wa Kolo haupigwi na chuma kila siku. Huu ubao nikiuacha ulivyo na nikaucheza, mti ulio wazi unaendelea kunyonya uchafu na kulika, na rangi iliyo pembeni ya jeraha inabanduka kidogokidogo, kwa sababu haina kitu cha kushikilia. Nikiuacha bila kuucheza, nimeua kitu ambacho mzee alikiwasha kila Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Stika, printa, nashukuru lakini hapana. Ila naomba kitu kingine kwako: unaweza kunisaidia kuskani ubao kabla sijaugusa?

#6 MzeeBrashi

Mwanangu gololi, salama?

Mimi nimeandika mabango kwa mkono tangu mwaka 1979, Dodoma, Manyoni na Singida. Maduka, mahoteli, mabasi. Pinboli sijawahi kutengeneza, lakini mchoro uliochapwa juu ya mbao naujua, na ninaona kwenye picha yako kwamba huo umechapwa kwa skrini, kama tunavyochapa fulana. Kila rangi ina skrini yake. Njano inapita, inakauka, nyekundu inapita, buluu inapita, na mwisho kabisa anapita mweusi. Yule mweusi ndiye anayefunika viungo. Rangi mbili zinapokutana hazikutani sawasawa, moja inapanda juu ya nyingine kidogo au inabaki nafasi, na mstari mweusi unakaa juu ya kasoro hiyo.

Kwa hiyo na wewe fuata njia ileile. Usianze na mstari mweusi hata kama ndio unaokuuma macho. Jaza rangi kwanza, ziingie mpaka chini ya mahali mstari utakapopita, ziache zikauke kabisa, kisha mweusi mwisho.

Rangi: chukua akriliki ya wasanii, ile ya maji, ya tyubu. Achana na ya mafuta. Najua Edward Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi na picha zikaenda ulimwenguni, lakini picha zile zinaning'inia ukutani, hazipigwi na gololi wala hazifunikwi na klia. Akriliki ikikauka imekauka, haiamshwi kirahisi na kitakachokuja juu.

Na sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndipo wengi wanapoharibikiwa. Usichanganye rangi usiku chini ya balbu. Ile rangi nyekundu utakayoiona imelingana saa 3 usiku, asubuhi mlangoni itakuwa waridi. Changanya mchana, kivulini, karibu na mlango. Kisha ipeleke ndani uikague chini ya taa za mashine yenyewe, kwa sababu ndizo zitakazoimulika. Ikikubali pote pawili, hiyo ndiyo.

Akriliki mbichi hudanganya. Ikikauka inakuwa nzito kidogo, inatia giza. Chukua plastiki angavu, ile ya kufunikia vitabu vya shule, paka tone la rangi yako, subiri likauke, kisha laza plastiki hiyo juu ya rangi ya asili ulinganishe jirani kwa jirani. Hutachafua ubao hata chembe. Mimi hubaki na plastiki yenye madoa kumi na mbili kabla ya kugusa bango la mteja.

Nyeupe ya asili pia haiko nyeupe tena. Vanishi ya kiwandani imegeuka njano kwa miaka. Ukitia nyeupe ya tyubu itaonekana kama plasta kwenye paji la uso. Itie njano kidogo na kahawia ya udongo kwenye ncha ya kijiti, kidogo sana.

#7 printa_majengo

Mzee Brashi umesema kweli kuhusu mweusi kupita mwisho. Hata sisi kwenye fulana ni hivyohivyo.

Gololi_dom, lete ubao kesho. Skana yangu ni ya A4, tutauskani vipande vipande na rula pembeni ili vipimo visipotee. Halafu nimeangalia picha: ubao wako upande wa kulia na wa kushoto karibu unafanana. Palipolika kushoto, kulia pamebaki. Nitageuza picha ya kulia kama kwenye kioo nikuchapie kwenye karatasi kwa kipimo kilekile, uitumie kunakilia mistari. Malipo usijali, hii nitaifanya kwa ajili ya mzee.

#8 gololi_dom

Shikamoo Mzee Brashi. Printa, Mungu akubariki, kazi umenifanyia na karatasi ninazo.

Leteni subira, nina habari mbaya na nzuri.

Nilianza kusafisha. Mtu mmoja nje ya jukwaa hili aliniambia spiriti ndiyo safi, inatoa kila kitu. Nikachovya pamba, nikapitisha juu ya shupaza iliyo karibu na flipa ya kulia, ambayo ilikuwa nzima kabisa. Pamba ikatoka na uchafu, nikafurahi. Nikapitisha mara ya pili, ikatoka na weusi. Nikadhani bado uchafu. Mara ya tatu nikaona ncha ya shupaza haipo. Ilikuwa imekuja na pamba. Nilikaa chini dakika kadhaa nikiishika ile pamba mkononi. Ncha ya milimita sita, ambayo imevumilia gololi kwa karibu miaka hamsini, niliiondoa mimi kwa sekunde ishirini.

Nilichojifunza: spiriti inakula vanishi ya zamani, na vanishi ikiondoka, wino ulio chini yake hauna mlinzi. Tangu hapo natumia waiti spiriti (ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, si spiriti ya kwanza), ambayo inatoa nta na grisi bila kuugusa wino, tena kwa kitambaa laini cha fulana, na kila dawa mpya naijaribu kwanza chini kabisa ya ubao, pale panapofunikwa na bamba la chuma la mbele. Hapo hata ukikosea hapaonekani.

Mikwaruzo myeusi ya mviringo haikutoka kwa waiti spiriti. Hiyo ni vumbi la koili na uchafu ulioingia ndani ya nyufa za vanishi. Nimeisugua kwa ile sponji nyeupe ya kufutia kuta, kwa wepesi sana, eneo la ukubwa wa sarafu kwa wakati mmoja, nikijua kwamba sponji ile ni msasa laini na inaondoka na vanishi kidogo kila inapopita. Kwenye nyufa zinazofuata mti nimeacha weusi uliobaki. Kuufuata wote ni kumaliza rangi.

Rangi ya mafuta ya karibu na bampa niliitoa kwa ncha ya kiwembe, chembe kwa chembe, siku mbili. Chini yake, wakuu, kulikuwa na mchoro wa asili! Haukuwa umelika kiasi cha kuhitaji kupakwa. Aliyepaka alipaka zaidi ya jeraha, akafunika na palipo pazima.

#9 MzeeBrashi

Marahaba mwanangu.

Hayo ya chini ya rangi ya mafuta yaandike ukutani kwako. Paka pale palipokosekana tu. Brashi yako ikivuka ukingo wa jeraha hata kwa upana wa unywele, umeanza kuchora ubao wako wewe, na ule wa kiwandani umeanza kupotea. Rangi ikikataa kulingana, kishawishi ni kupaka eneo lote ili lifanane. Usikubali. Rudi kwenye plastiki, changanya tena.

#10 binti_ipagala

Samahanini, naingilia kati. Hii mashine haina uhusiano na zile dubwi za kutumbukiza sarafu mitaani? Maana kwetu mdogo wangu alimaliza ada ya shule huko, na nikiona mashine ya gololi na taa moyo unanishtuka.

#11 gololi_dom

Dada, pole sana kwa hilo, na swali lako ni la haki.

Hata huko Marekani zilikotoka swali hilo liliulizwa. Mashine za mwanzo hazikuwa na flipa. Ulifyatua gololi ukasubiri iangukie wapi, na wengine walizichezea kamari. Jiji la New York lilizipiga marufuku mwaka 1942, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1976, pale Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani na kuwatajia gololi itapita wapi kabla hajaifyatua, ili waone kwamba ni ustadi. Flipa zililetwa na Gottlieb mwaka 1947 kwenye mchezo wa Humpty Dumpty, na tangu hapo gololi iko mikononi mwa mchezaji.

Hii ya mzee haitoi pesa wala haijawahi kutoa. Ukishinda inakupa mchezo mwingine, inagonga mti ndani kwa kishindo, paa! Mama alikuwa anaruka kila mara.

#12 binti_ipagala

Asante kaka, nimeelewa. Endelea, nafuatilia huyo malkia apate kidevu chake.

#13 gololi_dom

Wiki ya tatu. Nawaeleza kwa kirefu kwa sababu nilipotafuta maelezo ya Kiswahili sikuyapata.

Kabla ya rangi, mti. Palipokuwa wazi nilipitisha msasa namba 400 kwa kidole kimoja, kufuata mishipa ya mti, hadi weusi ukapungua ukawa kahawia. Hauishi wote. Kisha nikafunga mti kwa vanishi ya maji niliyoizimua, mara mbili, kwa sababu akriliki ikiangukia mti mkavu inatambaa kwenye mishipa kama wino kwenye karatasi ya choo, na ukingo wote unaharibika.

Vidirisha viwili vilikuwa vimeinuka juu ya ubao. Hewa yetu ya kiangazi inakausha plaiwudi mpaka gundi ya zamani inaachia. Nilivipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, nikavisukuma kutoka juu kwa kipande cha ubao bapa, nikavifunga kwa chini na epoksi, ile gundi ya kuchanganya tyubu mbili. Kidole kikipita sasa hakisikii kitu.

Rangi. Hapa Dodoma akriliki inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye ubao, nasema kweli. Mwezi huu wa Julai upepo ukivuma, tone la ukubwa wa punje ya mtama linashika ngozi ndani ya dakika mbili. Niliweka sponji iliyolowa kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi juu ya karatasi. Unyevu unapanda taratibu, rangi inakaa mbichi mchana mzima.

Nyekundu ya kopa ilinichukua siku nne. Nilianza na nyekundu ya tyubu, ikawa kali. Nikatia chungwa, ikawa nyanya. Doa la tisa kwenye plastiki lilikuwa na nyekundu, chungwa kidogo na kijani kwenye ncha ya sindano. Kijani! Kinaizima nyekundu bila kuitia weusi. Nilipolaza plastiki ile juu ya nusu ya kopa iliyobaki, doa likapotea. Nikaisogeza, likaonekana. Nikairudisha, likapotea. Nilimwita mama kutoka jikoni aje aone.

Nimepaka tabaka nyembamba tano, nikianzia katikati ya jeraha na kwenda ukingoni, bila kuvuka.

Malkia bado. Ninaogopa kile kidevu.

#14 MzeeBrashi

Kidevu usikichore kwa macho. Chukua ile karatasi ya printa, ipake chaki nyuma, iweke mahali pake kwa kulinganisha na taji na jicho lililobaki, pitisha penseli ngumu juu ya mstari. Chaki itakuachia alama. Jaza rangi ya ngozi, subiri, pitisha tena karatasi, ndipo mweusi.

Mkono utatetemeka. Tafuta fimbo nyembamba, ifunge kitambaa kichwani, iegemeze nje ya mchoro, uweke kifundo cha mkono juu yake. Mstari mrefu uvute kwa pumzi moja, kutoka begani, usiuvute kwa vidole. Na brashi yenye nywele ndefu, ile fupi inakwama kila sentimita.

#15 fundi_klia

Sasa zamu yangu. Akriliki ipe wiki nzima ikauke.

Gololi, klia ya gari yenye hadina ndiyo ngumu kuliko zote kwa kazi hii, na ndiyo inayotumiwa sana na wanaorudisha bao hizi. Lakini hadina ina kemikali iitwayo isosayaneti. Hiyo ukiivuta inaweza kukupa pumu ya maisha, na haina harufu ya kukutisha. Barakoa ya kitambaa haizuii, ya hospitali haizuii. Gerejini kwetu vijana wengi wanapiga hivyohivyo, na nina rafiki wa rika langu ambaye leo hapandi ngazi mbili bila kusimama. Mimi nina kofia ya kuvutia hewa safi kwa mpira kutoka nje. Usipige nyumbani kwa mama. Lete ubao kwangu.

Tutapiga asubuhi, saa 2 au saa 3, jua likishapasha kidogo lakini upepo haujaamka. Sakafu naimwagia maji usiku wake ili vumbi lilale. Tabaka la kwanza ni ukungu tu, kwa sababu ukimwaga nzito mara moja, tina inakaa muda mrefu juu ya wino wa zamani na kuulegeza. Linashika, linafuata la pili, la tatu. Likikauka siku kadhaa napiga msasa wa maji namba 800 kulisawazisha mabonde, nakuja 1000, 1500, 2000, kisha polishi. Maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu, plaiwudi itavimba.

Baada ya hapo usiifunge haraka. Ipe wiki tatu au nne. Klia inayoonekana kavu bado ni laini ndani, ukikaza nguzo za raba mapema zinazama na kuacha pete.

#16 chaki_nyeupe

Nachangia dogo tu. Msisahau gololi yenyewe! Rangi yote hiyo mkairudishia gololi ya zamani yenye vishimo na kutu, ni sawa na kuendesha msasa juu yake. Kipenyo chake ni inchi moja na sehemu moja ya kumi na sita, yaani milimita 27. Nenda duka la beringi na ile ya zamani mkononi, watakupimia. Mimi nilipata ya mashine nyingine kwa bei ya soda mbili.

#17 kolo_irangi

Nimekuwa nikisoma kimya. Nakiri kopa ile siwezi kuonyesha kwenye picha ni wapi ulipopaka. Na nimependa kwamba hukugusa palipo pazima, hilo lilikuwa hofu yangu kubwa.

Swali langu moja. Sanduku la nje utalipaka?

#18 gololi_dom

Wakuu, ubao umerudi kutoka Kizota. Mwezi umepita, jana nimeufunga.

Malkia ana kidevu. Nilikivuta mara mbili. Cha kwanza kilitoka kinene nikakifuta kwa kitambaa chenye maji kikiwa bado kibichi, cha pili nikavuta kwa pumzi moja kama Mzee alivyosema. Ukimtazama kwa karibu sana, mstari wangu una mkunjo mdogo chini ya mdomo ambao wa kiwandani hauna. Ncha ya shupaza nimeirudisha pia, ile niliyoing'oa mwenyewe. Hiyo naijua ilipo hata nikifumba macho.

Gololi mpya imetoka duka la beringi, nta ya karnauba nimepaka juu ya klia. Inakimbia kuliko ninavyokumbuka utotoni. Mama alicheza wa kwanza, akapata 41,000, halafu akasimama pembeni akiangalia tu.

Kolo_irangi, kuhusu sanduku. Upande wa kushoto, kuzunguka kitufe cha flipa, rangi imelika mviringo wa ukubwa wa kiganja, mti unang'aa kwa jasho na mafuta ya mikono. Mzee alikuwa na tabia ya kuegemea hapo kiganja kizima hata gololi ikiwa mbali. Nimeweka changu juu yake, kinaenea karibu sawa. Hapo hapapakwi. Nimefuta vumbi, nimepitisha nta, basi. Na hilo nimelipata kwako.

#19 kolo_irangi

Asante ndugu yangu. Jumamosi nashuka Dodoma kwa shughuli nyingine. Naweza kupita niione?

#20 gololi_dom

Karibu sana. Ukifika stendi ya Nanenane nitumie ujumbe humu nije kukuchukua. Mzee Brashi, printa, fundi, nanyi mkipata nafasi njooni, mama amesema atapika. Flipa ya kushoto nimeibadilishia raba juzi na bado ni ngumu kidogo, kwa hiyo mlango wa kushoto mtaulinda kwa kuwahi kubonyeza.